Kidonge Chini ya Ulimi

Kila mgeni aliyefika kwao kwa mara ya kwanza alipewa somo kabla hata hajafungua begi. Mama alikuwa na desturi hiyo tangu aanze kupangisha vyumba. Alimwingiza mgeni chumbani, akamketisha kitini, yeye mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza. Binti yake, Chiriku, alisimama mlangoni na jagi la maji mkononi, akingoja zamu yake.

Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, lakini nyumbani na mtaani hakuna aliyelitumia. Waliomwita Chiriku hawakumwonea. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika. Alisema akifagia, alisema akila, na mpishi wao aliapa kwamba hata usingizini alisema, ila huko angalau hakutaka kujibiwa.

Asubuhi hiyo mgeni alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii. Jua lilikuwa limekwisha kumwivisha pua.

"Hiki ni chandarua," Mama alimwambia. "Usidhani ni pambo. Ukiingia kitandani kichomeke chini ya godoro pande zote, hata upande wa ukutani. Mbu hana haraka. Atazunguka mpaka apate tundu."

"Na haya ni maji ya kunywa," Chiriku akadakia kabla hajaitwa. "Yamechemshwa, nimeyachemsha mimi mwenyewe. Ya bombani ni ya kuogea. Hata ukipiga mswaki, sukutua kwa haya. Na viatu ukiviacha nje, vikung'ute kabla hujavaa, maana kuna mgeni mmoja hapa alitia mguu tu, akakuta—"

"Chiriku."

"Abee, Mama."

"Viatu tutavifikia."

Mwalimu wa muziki alicheka, na Mama akaendelea na mengine. Salimia watu kwanza, ndipo uulize njia. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hata kama ni mtoto anayekuchekea. Elewana na dereva kabla ya kupanda, siyo baada ya kushuka. Kula chakula kikiwa cha moto, na tunda lile ulilolimenya mwenyewe. Mwisho kabisa Mama alishusha sauti, kama alivyofanya kila mara alipofika hapo.

"Dawa ya kuzuia malaria uliyopewa kwenu, imeze kila siku bila kuruka. Usiiache siku unapopanda ndege. Endelea nayo huko kwenu mpaka iishe, kama daktari alivyokuambia. Na ukishikwa na homa, iwe hapa au kwenu, hata kama umekwisha kutusahau, mwambie daktari ulikuwa wapi. Usikubali kuambiwa ni mafua kabla hujapimwa damu."

Chiriku aliyajua maneno hayo yote kwa moyo. Shuleni, wakati wa mapumziko, aliwaigizia wenzake kwa sauti ile ile ya Mama, akiwa amekaa ukingoni mwa dawati na kuchomeka chandarua kisichokuwapo, nao wakavunjika mbavu. Aliyajua, lakini hakuwahi kudhani yanamhusu. Malaria yeye alikuwa ameugua zaidi ya mara moja. Alipimwa, akapewa dawa, akalala akitetemeka, akaamka na njaa, na siku chache baadaye akarudi kuruka kamba. Kichwani mwake malaria ya wageni ilikuwa jambo moja na malaria ya watu wa mtaani kwao ilikuwa jambo jingine.

Likizo ilipokaribia, simu ikapigwa, na nyumba nzima ikachangamka. Mama Mdogo anakuja! Huyo alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja. Aliondoka akiwa msichana kwenda kusoma ng'ambo, akapata kazi, akaolewa, akabaki huko huko. Sasa alikuwa anakuja na mwanawe wa miaka kumi, ambaye hakuwahi kuiona nchi ya mama yake ila kwenye simu.

Mama aliwaandalia chumba kikubwa kuliko vyote. Alitandika shuka jipya, akatundika chandarua kipya, akaweka jagi la maji lenye kifuniko. Siku yenyewe watu walikumbatiana uani mpaka vilemba vikaanguka. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Kisha Mama akawaingiza wageni wake chumbani na, kwa mazoea tu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Haya, kaeni niwaambie mambo mawili matatu. Hiki chandarua—"

"Dada!" Mama Mdogo alimkatiza huku akicheka. "Leo unanipa mimi somo la wageni? Mimi niliyekuwa nikigombania foleni ya maji kwenye bomba lile pale?"

"Ni mazoea tu, mdogo wangu. Lakini mtoto—"

"Mtoto ni wa nani? Si wangu?" Kicheko kilikuwa kimeanza kumkauka. "Kule wananiita mgeni mpaka leo, Dada. Miaka yote hii, nikifungua mdomo tu, naulizwa nimetoka wapi. Nikija huku nako niwe mgeni? Basi nitakuwa mwenyeji wapi?"

Machozi yakamlengalenga. Mama aliinuka kitandani kama aliyekalia kaa la moto, akamkumbatia mdogo wake, akamwomba radhi. Somo likaishia hapo. Mama Mdogo alikataa chumba kikubwa akataka kulala chumba cha familia, kwenye kitanda alicholalia utotoni, na chandarua cha humo kilikuwa kikuukuu, kimefungwa mafundo kila kilipotoboka. Mama alitaka kukibadilisha. Mama Mdogo akasema kiachwe, nacho kikaachwa.

Jambo moja tu Mama Mdogo hakulifanyia mzaha. Daktari wa kule alimpa mtoto vidonge vya kuzuia malaria, naye alimpa mwanawe kimoja kila asubuhi kwa mkono wake. Vyake mwenyewe alivimeza alipokumbuka.

Yule mtoto alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake alikitoa polepole kama anayechagua mchele. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "kwa nini". Kwa nini kuku hawafungiwi? Kwa nini mnapiga hodi na mlango uko wazi? Kwa nini yule mzee anakuita mchumba? Kabla ya jua kutua mpishi alikwisha kumbatiza jina: Kwanini. Alilipenda mno, akawa anaitika kwa jina hilo kuliko jina lake.

Sasa fikiri mwenyewe, mtoto asiyechoka kuuliza amekutana na mtoto asiyechoka kujibu. Walikuwa chanda na pete. Chiriku alimpeleka kwa fundi baiskeli, akampeleka kwa kinyozi, akamfundisha kuchagua nyanya na kumtania mwenye duka. Usiku Kwanini alikataa kulala kabla Chiriku hajamsimulia kitu, na mara nyingi alisinzia katikati ya sentensi. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Chiriku namna ile. Wengine walimpenda, ndiyo, lakini walimsikiliza kwa sikio moja. Huyu alimsikiliza kwa yote mawili, akamwambia, "Endelea."

Asubuhi ya kwanza kidonge kilimtapisha. Ya pili alikimeza kwa kulia, akamfuata Chiriku kwenye karo alikokuwa akiosha vikombe.

"Ni kichungu," alisema. "Tumbo linauma siku nzima. Kwa nini wewe humezi?"

"Mimi wa hapa."

"Na mimi je?"

Chiriku aliacha kusugua kikombe. Alimtazama yule mtoto, macho mekundu, kamasi puani, akamwonea huruma ya kweli. Tena si Mama Mdogo mwenyewe aliyesema kwamba wao si wageni?

"Na wewe ni wa hapa," alisema. "Damu yetu moja. Njoo nikuonyeshe."

Akamfundisha ujanja aliokuwa akiutumia mwenyewe alipokuwa mdogo. Kidonge unakisukuma chini ya ulimi. Maji unayameza kwa kelele, glup, mama asikie. Unafungua mdomo wazi, ulimi umelala, mama anaona hamna kitu. Kisha unakuja kwenye karo, unatema kiganjani mwangu, nami nakiachia kiende na maji ya sabuni.

"Usimwambie mtu," Kwanini alisema.

"Mimi? Nife leo!" Chiriku alijibu, akapitisha kidole shingoni.

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Kidonge kilitoka kwenye mkono wa Mama Mdogo kikaingia mdomoni mwa Kwanini, kikatoka mdomoni kikaingia kiganjani mwa Chiriku, kikazama kwenye tundu la karo. Mtoto akaacha kuumwa tumbo. Akapata hamu ya kula, akanenepa mashavu. Mama Mdogo akafurahi, akasema hewa ya nyumbani imemkubali mwanawe. Chiriku aliyasikia hayo akajiona daktari.

Siku ya kuondoka walilia wote wawili bila aibu. Walipofika kwao Kwanini alipiga simu ya picha, na mama yake alipogeuza kichwa, alikisogeza kinywa karibu na simu, akainua ulimi. Kidonge kilikuwa pale. Alikuwa akiendelea na ujanja peke yake. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati ulipita, shule zikafunguliwa. Jumamosi moja Mama alikuwa uani akianika shuka za wageni, Chiriku akimpa vibanio, simu ikalia. Mama alikuwa na mikono yenye maji, akamwambia Chiriku aifungulie spika.

"Dada, mtoto ana homa," Mama Mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwili unawaka, anatetemeka, hali kitu. Nimetoka naye hospitali sasa hivi."

"Amepimwa malaria?"

"Daktari aliniuliza kama alimeza dawa za kinga. Nikamwambia zote, kwa mkono wangu mwenyewe, hakuruka hata kimoja. Akasema basi ni mafua, yameenea sana huku. Tumpe maji mengi, apumzike."

"Mwambie ampime tu, mdogo wangu."

"Dada, alivimeza vyote. Nilikuwa namtazama mdomoni."

Kibanio kilimponyoka Chiriku kikaanguka kwenye matope. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, naye alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Sentensi moja tu ilihitajika. Lakini alimwona Mama Mdogo akimchukia, akamwona Mama akimgeukia na lile jicho lake, akamwona Kwanini akisema, "Uliapa." Na ndani yake kisauti kidogo kikamwambia kwamba hata kama ni malaria, si malaria tu? Ataamka na njaa. Atarudi kucheza.

"Mbona leo umenyamaza hivyo?" Mama alimuuliza simu ilipokatika. "Unaumwa?"

"Kichwa tu, Mama."

Huo ulikuwa uongo, na Mama akamwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso kwa upendo. Chiriku alilala chini ya kitambaa kile akitamani ardhi immeze.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, alimkuta Mama amekaa kwenye kizingiti cha jiko, simu mapajani, analia bila kujifuta. Mpishi alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi, hajui afanye nini.

"Kwanini ameshikwa na degedege," Mama alisema. "Hamjui mama yake. Anamwita, hamjui. Wamempima kichwa, wamempima mapafu, hawaoni kitu. Mungu wangu, mtoto wa watu! Na dawa alimeza zote."

"Hakumeza," Chiriku alisema.

"Nini?"

"Hakumeza, Mama. Alikuwa anatema. Nilikuwa navimwaga kwenye karo." Akachuchumaa. "Kila siku. Hakumeza hata kimoja, ila vile viwili vya kwanza."

Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Alianza kubonyeza simu, akakosea, akaanza upya. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Ilipopokelewa hakusalimu.

"Mdogo wangu, nisikilize. Mtoto hakumeza dawa. Alikuwa anazitema. Waambie ni malaria, waambie sasa hivi!"

Upande wa pili ikasikika sauti ambayo watu watatu waliokuwa jikoni mle hawatakaa waisahau, si kilio wala si neno, na baada yake viatu vikikimbia. Mama Mdogo alikuwa akikimbia na simu mkononi, haijakatwa, akipiga kelele kwa lugha ya kule. Chiriku hakuelewa kitu ila neno moja lililorudiwa tena na tena: malaria, malaria, malaria.

Jioni wakapata jibu. Wadudu walionekana kwenye damu, wengi, wamekwisha kupanda mpaka kichwani. Dawa ilikuwa imeanza kuingia mshipani. Daktari alisema hawezi kuahidi lolote. Alisema pia kwamba kama wangejua jana yake, angeongea nao kwa namna nyingine. Mama Mdogo aliyarudia maneno hayo kwenye spika, neno kwa neno, na Chiriku akayasikia. Jana yake. Alikuwa ameshika kibanio, na mdomo wake ulikuwa mzima.

Zikaja siku ambazo hakuna aliyepika kwa moyo wala kula kwa hamu. Mama alikesha na simu. Chiriku alikwenda shuleni, akarudi, akasimama mbele ya Mama bila kuuliza, na Mama akatikisa kichwa. Hatimaye, siku moja, Mama alimwita kwa sauti tangu getini. Kwanini amefumbua macho! Amekunywa uji! Mpishi aliimba. Chiriku alikimbilia chooni, akajifungia, akalia kwa shukrani mpaka kwikwi zikamshika.

Furaha ile haikukaa. Mama Mdogo alianza kusema kwamba mtoto haitiki akiitwa. Walidhani amenuna. Walidhani ni udhaifu. Kisha muuguzi mmoja akaangusha bakuli la chuma nyuma ya kitanda chake, chumba kizima kikaruka, na Kwanini akaendelea kutazama dirishani. Vipimo vikafanywa. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa. La pili lilisikia mvumo tu, na madaktari walisema ndivyo litakavyobaki. Ugonjwa ulikuwa umepita njia hiyo.

"Yule binti alijua," Mama Mdogo alisema siku hiyo kwenye simu. "Alijua nilipokuwa nikisema alimeza zote. Alikuwa amesimama hapo hapo. Dada, usimpe simu akinipigia. Siwezi kuisikia sauti yake."

Basi mtoto aliyeitwa Chiriku akanyamaza. Hakuna aliyemkataza kusema. Maneno yenyewe yalimkimbia. Mgeni mpya akifika, alikataa kubeba jagi. Mpishi alijaribu kumchokoza, akamwambia nyumba imekuwa kama imefiwa na redio, lakini hata hilo halikumchekesha. Mama naye hakuwa na ulimi wa kumgombeza, maana alikuwa na lake moyoni.

"Sikulaumu wewe peke yako," alimwambia siku moja wakikunja shuka, huyu ncha hii, yule ncha ile. "Mimi ninawaambia watu nisiowajua wala wasionijua. Wa damu yangu nikamnyima. Niliogopa kumuudhi. Ningempa somo hata akilia, angelia siku moja tu."

Chiriku alitaka kumwambia lililobaki, maana lilikuwapo lililobaki. Alikuwa amesema kwamba Kwanini alitema. Hakusema ni nani aliyemfundisha. Lakini Mama alikuwa amekwisha kuichukua shuka akaingia nayo ndani.

Miezi ikapita. Alasiri moja Mama alimwita sebuleni, akamkalisha, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maua. Kwenye kioo alikuwapo Mama Mdogo. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi pembeni.

"Shikamoo, Mama Mdogo," Chiriku alisema, sauti haitoki vizuri.

"Marahaba, mwanangu." Mama Mdogo alivuta pumzi. "Nimepiga kukuomba radhi. Mwanangu ameniandikia kila kitu. Amesema ujanja ule aliubuni mwenyewe, na wewe alikulazimisha uape. Amesema ulikuwa unamwonea huruma tu. Nimekuchukia miezi yote hii kuliko ulivyostahili, na wewe ni mtoto. Nisamehe."

Chiriku alimtazama Mama. Mama alikuwa akilia kwa faraja, mkono kifuani. Mambo yalikuwa yamekwisha, kumbe. Kilichotakiwa ni kusema "ahsante", na kila mtu angerudi kuwa ndugu ya mwenzake. Kwanini alikuwa amemfungulia mlango. Alichotakiwa ni kupita tu.

"Si kweli, Mama Mdogo," alisema.

"Nini si kweli?"

"Hakubuni yeye. Ni mimi niliyemfundisha. Nilimwonyesha namna ya kukificha chini ya ulimi na namna ya kumeza maji kwa kelele. Yeye alikuwa ameanza kuvimeza. Angevimeza vyote. Ni mimi." Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni lakini hakuyafuta. "Na ulipopiga simu siku ile nilijua, nikanyamaza. Anadanganya ili usinichukie. Usimwamini."

Mama alishika mdomo. Kwenye kioo Mama Mdogo hakusogea, mpaka Chiriku akadhani picha imeganda.

"Sijui kama nina nguvu ya kulisikia hili," alisema mwishoni. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na wote wawili upande huu wakamngoja. Alipoondoa mikono alisema polepole. "Lakini bora nimelisikia kutoka kwako. Sikiliza, mwanangu, nami nitasema mara moja tu. Wewe ulimfundisha kutema. Yeye akakubali kunidanganya. Dada yangu alitaka kutupa somo, akaniogopa. Na mimi, kwa uchungu wangu wa kuitwa mgeni, nikajifanya hakuna kinachoweza kutudhuru kwetu. Damu ya mwanangu ni ya hapo, ndiyo, lakini mwili wake ulikuwa mgeni. Mbu hakuuliza ukoo. Kila mmoja wetu alikuwa na neno moja la kumwokoa, akalifungia mdomoni."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Mtu akikupa siri yake ya moyoni, mtunzie. Lakini siri inayogusa uhai wake si siri. Ni habari ya mama yake na daktari wake, na inatakiwa isemwe siku ile ile, hata ukitetemeka, hata kama yeye atakununia maisha. Akununie akiwa mzima. Ulichosema leo hakimrudishii masikio. Hilo utalibeba, na mimi nitalibeba. Lakini leo ulikuwa na njia ya kukwepa ukaikataa, na nimeiona. Ushike ukweli hivyo hivyo, usiuachie tena." Alijifuta uso kwa ukingo wa khanga yake. "Yupo hapa. Anataka kukuona. Usiseme haraka kama zamani. Mtazame usoni, fungua mdomo, neno moja moja. Anajifunza kusoma midomo."

Simu ilizungushwa. Kwanini alitokea, amerefuka, nywele zimekatwa, kamba nyembamba imening'inia kutoka kwenye kifaa cha sikioni. Aliukodolea macho mdomo wa Chiriku, akingoja.

"Kwa nini unalia?" aliuliza kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia akisema.

Chiriku alijisogeza mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo. Akafungua mdomo wazi, na neno moja baada ya jingine, polepole kuliko alivyowahi kusema maishani mwake, akaanza kumjibu.